Usimpe Jambazi Ratiba Yako: Mwongozo kwa Mawakala wa Fedha na Wenye Maduka

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kazi ya benki ilitoka kwenye jengo lenye kuta nene, kasiki na askari mlangoni, ikahamia kwenye kibanda cha mbao, chini ya mwavuli na kwenye kona ya duka la rejareja. Kazi ilihama, lakini ulinzi haukuhama nayo. Wakala aliyekaa kando ya kituo cha daladala anaweza kuwa na fedha taslimu zinazozidi thamani ya bidhaa zote za duka la jirani yake, na kila anayepita hapo anajua hivyo. Duka la jumla, duka la dawa na kituo cha mafuta vina tatizo hilohilo: fedha nyingi, watu wachache, mlango ulio wazi kwa yeyote.

Hoja ya mwongozo huu ni moja. Ujambazi wa kutumia silaha huanza na habari, silaha hufuata baadaye. Anayepanga kukuvamia anataka kujua mambo manne: fedha ni kiasi gani, zinajaa saa ngapi, nani anazishika, na atatorokea wapi. Mara nyingi majibu anayapata kwako mwenyewe bila wewe kujua, kwa jinsi unavyohesabu noti mbele za watu, unavyofunga saa ileile kila siku, na unavyobeba mfuko uleule kwa njia ileile. Kwa hiyo kinga yako kubwa ni kupunguza fedha unazokaa nazo na kuvuruga uhakika wa mvamizi. Kushindana naye kwa nguvu si kinga.

Kwa nini akuchague wewe

Mwaka 1979 wanasosholojia wa Marekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba uhalifu wa aina hii hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachomvutia, na kukosekana kwa mtu wa kumzuia. La kwanza liko nje ya uwezo wako, lakini la pili na la tatu unaweza kuyagusa leo. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mapema. Miaka ya 1970 watafiti Wayman Crow na James Bull walifanya jaribio kwenye maduka madogo ya California yaliyokuwa yakiporwa mara kwa mara, wakitumia pia ushauri wa watu waliowahi kuwa majambazi wenyewe. Kundi moja la maduka lilipunguza fedha kwenye droo, likaondoa matangazo yaliyoziba madirisha, likaongeza mwanga na kuwafunza wauzaji. Kundi jingine liliachwa lilivyo. Ujambazi kwenye maduka yaliyobadilishwa ulipungua kwa takriban asilimia 30, na hakuna muuzaji aliyepewa bunduki.

Matukio ya kwetu yanaonyesha upande wa pili, yaani jinsi ulinzi wenye silaha unavyoshindwa pale ratiba inapojulikana au sare inapoaminiwa. Agosti 2016 huko Mbande, Mbagala, jijini Dar es Salaam, askari polisi wanne waliuawa kwenye tawi la benki wakati wa kubadilishana lindo, na silaha zao zikaporwa. Septemba 2019 huko Nairobi West, watu waliovaa sare za polisi waliondoka na takriban shilingi milioni 72 za Kenya zilizokuwa zikipelekwa kwenye mashine za ATM. Katika tukio la kwanza wavamizi walitumia saa ya mabadiliko, na katika la pili walitumia imani ya watu kwa sare. Ikiwa askari na magari maalumu ya fedha yanaweza kunaswa hivyo, wakala mwenye kufuli moja hana budi kuichunguza ratiba yake kabla hajafikiria kununua kitu chochote.

Hatua ya kwanza: jikague kwa jicho la mvamizi

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, tenga siku moja ulitazame eneo lako kama mtu anayetaka kukuibia. Kazi hii haina gharama, nayo ndiyo itakayokuambia fedha zako uziweke kwenye taa, kwenye nondo au kwenye mshahara wa msaidizi.

1. Simama ng'ambo ya barabara kwa dakika kumi mchana na kumi nyingine usiku. Je, droo ya fedha inaonekana? Je, unamwona muuzaji, au amezibwa na mabango?
2. Andika saa ambazo fedha huwa nyingi. Wakala aliye karibu na soko hujaa taslimu jioni, wafanyabiashara wanapoweka mauzo yao. Wakala wa mtaani huwa na taslimu nyingi asubuhi, kabla watu hawajaanza kutoa. Mwisho wa mwezi, siku za mnada au gulio, wiki ya sikukuu, na msimu wa malipo ya mazao kama korosho kule Mtwara na Lindi hubadilisha picha yote.
3. Hesabu njia za kutorokea. Kona ambayo pikipiki inaweza kufika mlangoni na kuchomoka bila kugeuza ni kona hatari. Jiwe kubwa, chungu cha maua au kizingiti kilichowekwa kwa ruhusa ya serikali ya mtaa kinaweza kuipunguza hatari hiyo.
4. Orodhesha watu wote wanaojua saa yako ya kufunga na njia yako ya kwenda nyumbani. Orodha ikizidi watu wawili au watatu, ratiba yako imeshakuwa habari ya mtaa.

Hatua ya pili: punguza fedha, na watu wajue kwamba umepunguza

Hatua hii ina nguvu kuliko nyingine zote kwa sababu inapiga faida ya jambazi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madereva wa mabasi katika New York na miji mingine ya Marekani walikuwa wakiporwa nauli mara kwa mara. Ufumbuzi ulikuwa mwepesi: abiria alitakiwa kuwa na nauli kamili, akaitumbukiza kwenye sanduku ambalo dereva hakuwa na ufunguo wake. Unyang'anyi dhidi ya madereva ulishuka sana. Dereva hakuongezewa ujasiri wala silaha. Alichopoteza ni uwezo wa kutoa fedha, na kila mtu mjini alijua kwamba ameupoteza.

1. Jiwekee kikomo cha taslimu kwenye droo, kinachotosha miamala ya saa moja au mbili tu. Kikifikiwa, kiasi kinachozidi kiondoke kwenye kaunta.
2. Weka sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia, lililofungwa kwa boliti kwenye sakafu au ukuta, na ufunguo wake usikae dukani. Bandika tangazo linalosomeka vizuri: muuzaji hana ufunguo, na droo ina fedha kidogo. Tangazo hilo ni sehemu ya kinga, maana linamfikia mvamizi kabla hajaamua.
3. Badili taslimu kuwa floti zaidi ya mara moja kwa siku, kupitia benki, wakala wa benki au wakala mkuu aliye karibu. Safari tatu za fedha kidogo kwa saa zisizotabirika ni salama kuliko safari moja ya fedha zote jioni.
4. Mwenye duka, himiza wateja walipe kwa simu. Kila anayelipa kwa lipa namba amepunguza noti kwenye droo yako.
5. Mteja anayetaka kutoa kiasi kikubwa mwelekeze benki, au mpange saa mapema kwa simu. Usimwambie mbele ya foleni, "Subiri, nitakuletea kutoka nyumbani."

*Kosa la kawaida:* kuhesabu mauzo ya siku juu ya kaunta mlango ukiwa wazi. Hesabu ifanyike ndani, mlango umefungwa, bila ya mgeni yeyote.

Hatua ya tatu: uonekane, nawe uone

Wengi wakisikia habari ya ujambazi hukimbilia kujifungia: nondo nene, ukuta mrefu, dirisha dogo kama tundu la njiwa. Nondo zina kazi yake, hasa kwa wakala, kwa kuwa zinamzuia mtu kuruka kaunta na kuchota. Lakini boma linalokuficha wewe linamficha na mvamizi akishaingia. Ukishikiwa panga nyuma ya ukuta uliozibwa na mabango ya vocha, jirani aliye hatua kumi kutoka hapo hataona kitu. Kwa hiyo nondo ziende pamoja na uwazi: mtu aliye barabarani amwone muuzaji kuanzia kiunoni kwenda juu, na muuzaji amwone anayekuja kabla hajafika.

Taa iwekwe nje, imulike anakosimama mteja na pembe za jengo. Taa iliyo ndani peke yake inakuonyesha wewe kwa aliye gizani huku yeye humwoni. Umeme ukikatika mara kwa mara, taa ya sola yenye betri yake ni lazima. Kamera nayo isaidie, ila elewa kazi yake: kamera iliyofungwa juu kabisa hurekodi kofia na vipara. Ifungwe usawa wa uso mlangoni, na kumbukumbu zake zihifadhiwe mbali na kaunta, maana mvamizi mzoefu huondoka na kifaa cha kurekodia. Kwenye kituo cha mafuta, mwanga na uwazi ni muhimu zaidi, kwa kuwa wahudumu hutembea na noti mikononi usiku kucha. Huko fedha zikusanywe kutoka kwao kila baada ya muda mfupi, wala zisisubiri mwisho wa zamu.

Hatua ya nne: kufungua, kufunga na safari ya fedha

Dakika hatari kuliko zote ni zile ambazo mikono yako imeshika funguo na macho yako yanatazama kufuli. Mgongo uko barabarani, fedha ziko kwenye mfuko, na mtaa umeanza kutulia. Ongeza juu yake mazoea ya kila siku, na jambazi hahitaji tena kukisia.

1. Usifungue wala usifunge peke yako. Ukikosa msaidizi, kubaliana na majirani wawili wa biashara mfunge kwa pamoja.
2. Mmoja afunge kufuli, mwingine asimame akitazama barabara. Asishike simu.
3. Unapofika asubuhi, pita kwanza bila kusimama. Ukiona kufuli limechezewa, au pikipiki yenye watu wawili imesimama na injini inawaka, endelea mbele na upige simu.
4. Badili saa ya kupeleka fedha, njia, na chombo cha kubebea. Mkoba wa kompyuta na bahasha ya benki hujitangaza. Mfuko wa kawaida wa sokoni haujitangazi.
5. Usitumie bodaboda usiyemjua ukiwa na fedha, na hata unayemjua usimwambie umebeba nini.
6. Usilale na mtaji wa kesho nyumbani. Jambazi akishajua kwamba fedha zinalala kwako, familia yako nayo imeingia kwenye hatari.

Hatua ya tano: watu wa ndani

Habari nyingi huvujia ndani, na si kila mara kwa nia mbaya. Msaidizi anayesimulia kijiweni kwamba leo wameuza sana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Jibu si kumshuku kila mtu, kwa kuwa anayeshukiwa kila siku huacha kujali. Jibu ni kupanga kazi kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayejua mambo yote. Anayeuza asijue saa ya kupeleka fedha. Anayepeleka asijue kiasi kilichobaki kwenye sanduku. Msaidizi mwajiri baada ya kupata majina ya wadhamini wanaojulikana kwenye serikali ya mtaa, na mlipe kwa wakati. Msaidizi anapoondoka, badili kufuli, namba za siri na ratiba siku hiyohiyo, hata kama mmeagana kwa wema.

SANDUKU LA TAHADHARI: Wakishaingia

- Toa wanachotaka. Mtaji unatafutwa tena, maisha hayatafutwi.
- Mikono ionekane. Kabla ya kuifikia droo, sema: "Nafungua droo."
- Tii kwa utulivu, usibishane, usimkazie macho. Shika kichwani mambo mawili au matatu: urefu, lafudhi, viatu.
- Usipige yowe silaha ikiwa bado imeelekezwa kwako. Ukiwa na kengele ya siri, bonyeza tu ikiwa mkono hauonekani ukisogea.
- Akidai namba ya siri ya laini ya uwakala, mpe. Laini itafungwa baadaye.
- Usiwazibie mlango, wala usiwafuate wakitoka.

Baada ya tukio

1. Funga mlango. Angalia kama kuna majeruhi na utafute msaada wa tiba kwanza.
2. Piga polisi: 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Taja mahali, idadi ya watu, silaha, chombo walichopanda na upande walikoelekea.
3. Pigia mtandao wako wa simu wafunge laini. Namba yao iwe imeandikwa kwenye karatasi mahali pengine, kwa sababu simu yako itakuwa imeondoka nao.
4. Usifute wala kushika walipogusa. Mashahidi waandike walichoona kabla hawajaanza kusimuliana.
5. Fungua jalada kituoni na uchukue namba ya RB, au OB kwa Kenya. Bila hiyo, bima na wakala mkuu hawatakuwa na pa kuanzia.
6. Akikamatwa mtu, akabidhiwe polisi akiwa hai. Kumpiga hadi afe ni kosa la jinai, tena ni kumnyamazisha mtu pekee anayejua nani aliuza habari zako.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wapo watakaosema kwamba dawa ni mwenye biashara kumiliki bunduki. Sheria inaruhusu raia kuomba leseni, na aliyepewa kihalali ana haki yake. Lakini hesabu ya tukio haimpendelei. Mvamizi huchagua dakika, huja silaha ikiwa mkononi, na huja na mwenzake. Muuzaji hushtukizwa akiwa anatoa chenji. Mbande ilionyesha jambo chungu zaidi: bunduki zilizopaswa kulinda fedha ziliporwa zenyewe. Bunduki ya dukani inaongeza kitu cha kuwindwa, na inambadilisha jambazi aliyekuja kutisha akawa jambazi anayefyatua kwanza.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali, kwa adhabu kali. Adhabu kali tayari ipo. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na silaha hapo si bunduki tu. Panga pia linaingia. Kenya, sheria ya unyang'anyi wa mabavu ina hukumu ya kifo ndani yake. Kama ukali wa kifungo ungetosha, vibanda vingekuwa salama tangu zamani. Anayevamia hafikirii miaka 30 ijayo. Anafikiria dakika tatu zijazo, kama atapata kitu na kama ataonekana. Polisi wadaiwe doria, na adhabu itolewe kwa haki, lakini dakika hizo tatu zimo katika milki yako.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukijilinda, jambazi atahamia kwa jirani. Hofu hii ina msingi. Baada ya mabasi ya New York kufungwa masanduku, watafiti waliona dalili kwamba sehemu ya unyang'anyi ilihamia kwenye treni za chini ya ardhi. Lakini picha kubwa ni tofauti. Rob Guerette na Kate Bowers mwaka 2009 walipitia tathmini 102 za mbinu za kuzuia uhalifu kwa kubadilisha mazingira, wakakuta uhalifu ulihama katika takriban asilimia 26 ya vipimo, na katika takriban asilimia 27 maeneo ya jirani yalinufaika pia bila kufanya kitu. Kuhama si sheria ya maumbile. Hata hivyo fundisho liko wazi: mkijilinda mtaa mzima, mmefunga mlango wa kuhamia. Hapo ndipo ulinzi shirikishi, polisi kata na Nyumba Kumi vina maana, mradi viwe na makubaliano yaliyoandikwa: nani anampigia nani, taa zipi zinawashwa na nani, filimbi inamaanisha nini.

Gharama nayo isiwe kisingizio. Kubadili saa, kuhesabu ndani, kubandua mabango, kufunga na jirani na kupunguza taslimu haviuzwi dukani. Vinavyouzwa, yaani taa, sanduku na nondo, vinaweza kufuata kimoja kimoja.

Orodha ya ukaguzi wa kila wiki

☐ Kikomo cha taslimu hakikuvukwa
☐ Fedha hazikuhesabiwa mbele ya wateja
☐ Saa na njia ya kupeleka fedha zilibadilika
☐ Taa zote za nje zinawaka
☐ Muuzaji anaonekana kutoka barabarani
☐ Kamera inarekodi, na uso unatambulika
☐ Hakuna aliyefungua au kufunga peke yake
☐ Namba za dharura ziko kwenye karatasi, nje ya simu
☐ Wafanyakazi wamekumbushwa: toa fedha, linda maisha
☐ Majirani wawili wamejibu simu ya majaribio

Anza na mambo mawili leo jioni. Hesabu yako uifanyie ndani, mlango umefungwa, na usifunge duka saa uliyofunga jana. Kisha mwite jirani yako wa biashara mkubaliane kuhusu kesho.